Kombo Aliyenyooshwa

Nchi yenyewe msiitafute kwenye ramani, mtajichosha bure. Lakini pia msijidanganye kwamba iko mbali. Iliitwa Tambarare. Ilikuwa nchi ya milima mitupu, mlima umeegemea mlima mwenzake, na iliitwa Tambarare kwa sababu mfalme wake wa kwanza alichoka kupanda siku moja, akakaa juu ya jiwe, akatangaza kwamba nchi ni bapa. Tangu hapo mtu akiporomoka gengeni akafa, jamaa zake huambiwa amejikwaa.

Wakati wa habari hizi alitawala Mfalme Ngwali, mtu mwenye upendo mwingi, upendo ambao haukuishia mlangoni mwa malkia. Watoto wake waliozaliwa ndani ya kasri waliitwa wana wa zulia. Waliobaki waliitwa wana wa uani, nao walikuwa na utaratibu wao wa heshima: mjakazi wa kasri akionekana tumbo limeanza kusema, alitafutiwa mume kabla halijamaliza maneno yake.

Ndivyo Chambuso alivyooa. Alikuwa mchoma matofali wa mji wa Mikirindi, mtu mrefu, mpole, mzito wa maneno. Alipeleka kasrini matofali ya kujengea banda la tausi. Alikwenda na punda wawili waliobeba matofali, akarudi na punda wawili na mke. Msimamizi alimwambia kwamba mfalme ameyapenda matofali, na zawadi yake ni ile pale, imesimama karibu na pipa la maji. Zawadi ilikuwa na macho mekundu na kifurushi mkononi, na jina lake lilikuwa Mwasiti. Chambuso akamuuliza kama angependa kupanda punda au kutembea. Mwasiti alikuja kumwambia baadaye kwamba katika miaka yake yote ya kasri hakuwahi kuulizwa anapenda nini, na kwamba yeye alimpenda palepale kwa ajili ya swali hilo.

Mtoto alizaliwa mapema mno kwa mtu anayejua kuhesabu, wakamwita Kombo. Alizaliwa na pua. Watoto wote huzaliwa na pua, lakini hii ilikuwa ile ya kwenye sarafu, ndefu, yenye nundu katikati. Mikirindi nzima iliiona na Mikirindi nzima ikanyamaza. Kuiona pua ya mfalme halikuwa kosa katika nchi ile. Kosa lilikuwa kuitambua.

Kombo alipofikisha miaka saba Mwasiti alishikwa na homa akafa. Chambuso akamzika nyuma ya tanuri, penye udongo laini, na hakuoa tena. Alimlea mtoto mwenyewe. Alimkorogea uji, alimfunga vidonda, alimfundisha kukanda udongo kwa miguu na kupanga matofali tanurini ili moto upite. Majirani wakamwita Baba Kombo, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lake mwenyewe.

Siku moja mtoto alirudi na mdomo umepasuka. Wenzake walikuwa wameshika sarafu wakailinganisha na uso wake.

"Baba, mimi mtoto wa nani?"

"Wa yule aliyekupikia jana," Chambuso akasema.

Kombo akafikiri. "Jana tulikula kiporo."

"Basi wa yule aliyekupikia juzi."

Mtoto akaridhika, akaenda kucheza. Chambuso ndiye aliyebaki ameshika mwiko, hajui autie wapi.

*

Kombo alipokuwa kijana wa ndevu, mvua zilikataa. Zilikataa mwaka wa kwanza, zikakataa wa pili. Nchi nyingine ingepatwa na njaa, lakini Tambarare haikuweza, kwa sababu neno hilo lilikuwa limefutwa kwa amri ya kifalme. Ilikuwepo Wizara ya Shibe, na mkuu wake alikuwa Waziri Kilemba, mtu ambaye hakuwahi kumwambia mfalme jambo ambalo mfalme hakuwa amekwisha kulipenda.

Waziri alikuja Mikirindi mwenyewe kutuliza watu. Jukwaa lilipambwa kwa makuti, ambayo mbuzi waliyala kabla hotuba haijaanza.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo wapotoshaji wanaodai kwamba hali si nzuri. Serikali ya Mtukufu Mfalme haikulala. Imeunda tume, tume imeunda kamati, na kamati imekula chakula cha mchana papa hapa mjini kwenu, ikathibitisha kwamba chakula kipo. Hii mnayoiona si ile mnayodhani. Hii ni shibe iliyochelewa."

Makofi yalikuwa hafifu, maana kupiga makofi nako kunataka nguvu. Kombo akanyoosha mkono. Kwa adabu kabisa aliuliza shibe hiyo imechelewa wapi, kwa kuwa ghala la mfalme lilikuwa palepale nyuma ya jukwaa, na panya waliotoka humo walikuwa wakitembea kwa shida kwa unene. Waziri akajibu kwamba nafaka ile imetengwa kwa ajili ya jubilii ya mfalme, itakayofanyika mambo yakiwa mazuri, na kwamba panya wale wako kwenye utaratibu.

Wiki ileile jirani yao mmoja, bibi aliyekuwa akimwekea Kombo karanga alipokuwa mdogo, alifariki na majani ya mti mdomoni. Kombo ndiye aliyemtoa yale majani. Chambuso alimwona akiyatazama kwenye kiganja chake muda mrefu, akajua kwamba kuna jambo limekwisha kuamuliwa na hakuna atakachosema.

Asubuhi yake Kombo na rafiki yake Kirobo, mhunzi, wakavunja kufuli la ghala mbele ya mji mzima. Hawakuiba. Waligawa, wakianza na wajane. Askari waliotumwa kuzima uasi walifika wakiwa wamechelewa kushiba wao wenyewe. Walisikia harufu ya ugali, wakazipanga bunduki zao vizuri ukutani, wakauliza foleni inaanzia wapi. Kabla mwezi haujaandama mara mbili, wilaya tatu zilikuwa zimefungua maghala yao, na watoto wa huko wakaanza tena kupiga kelele wakicheza, sauti ambayo watu walikuwa wameisahau.

Kasri lilikuwa na uzoefu na waasi. Kila mwasi aliyepata kutokea alitaka kiti cha enzi, na kwa wataka kiti palikuwa na utaratibu, ambao ulikuwa kamba. Basi mfalme akatuma mjumbe amuulize Kombo anataka nini: kiti chote, nusu ya kiti, au farasi? Kombo akajibu kwamba kiti mfalme abaki nacho. Yeye anataka funguo za maghala.

Jibu hilo liliwakosesha usingizi wazee wa baraza. Mtaka kiti ukimnyonga, kiti kinabaki na mambo yanakwisha. Mtaka funguo hata ukimnyonga, waliokwisha kula wanakumbuka ladha. Mzee mmoja alishauri watu wapewe chakula, akatolewa nje apumzike. Ndipo Waziri Kilemba alipoinuka akasema kwamba wao wamekuwa wakilitazama jambo hili kinyume. Huyu kijana asipigwe, alisema. Atambuliwe.

*

Walimkuta Chambuso akifungua tanuri. Waziri alikuja na zulia, ngoma mbili na kadhi wa kasri, akatandikiwa zulia juu ya majivu ili asikanyage nchi.

Habari aliyoleta ilikuwa njema, alisema. Mfalme amenunua mizinga kutoka ng'ambo, na mizinga iko njiani. Ikifika, waasi wote watakwisha, na watakaosalia watanyongwa. Lakini sheria ya Tambarare, ya zamani kuliko kasri lenyewe, inasema damu ya mwana halali wa mfalme haimwagwi kamwe, kwa kosa lolote. Kombo ni mwana wa mfalme, hilo pua inashuhudia. Kinachokosekana ni uhalali. Na uhalali unakosekana kwa sababu mama yake ni mke wa Chambuso.

"Mwasiti ni marehemu, Mheshimiwa," Chambuso akasema.

"Tunalijua hilo na tunakupa pole. Lakini ni marehemu mkeo. Mwanamke hawezi kuwa na waume wawili, hata akiwa udongo. Tunakuomba umpe talaka, Mzee Chambuso. Mfalme atamwoa, ndoa itahesabiwa kwamba ilikuwepo tangu kabla ya mimba, na mwanao hatakufa."

Chambuso alikaa juu ya rundo la matofali mabichi, yakabonyea. Alimtazama kadhi, kadhi akatazama pembeni. Akauliza kama sheria ile ingewahusu pia Kirobo na vijana wengine waliokuwa na Kombo.

"Mimi nimekuja kwa habari za mwanao," Waziri akasema kwa upole. "Wenzake wana baba zao."

Mtu asimcheke Chambuso. Alikuwa baba, na mbele yake paliwekwa mwana aliye hai na mke aliyekufa, akaambiwa achague. Aliwajua vijana wale kwa majina. Baadhi yao walikulia uani kwake wakikanyaga udongo wake. Aliwafikiria. Kisha akafikiria kamba na shingo moja, na mawazo yake hayakufika mbali zaidi ya shingo hiyo.

Akaenda nyuma ya tanuri. Alitaka kuachwa peke yake lakini kadhi alisema lazima asikie. Chambuso akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kaburi kama mtu anayemwamsha aliyelala, akaanza kwa kuomba radhi. Kadhi akamwambia radhi haimo kwenye maneno ya talaka. Basi akasema, "Mwasiti, nimekuacha." Alilazimishwa kusema mara tatu, na mara ya tatu sauti haikutoka, kadhi akaipitisha kwa kusoma midomo.

Harusi ilifungwa kesho yake asubuhi. Mfalme hakuweza kuja, akawakilishwa na kiatu chake cha kushoto, kilicholetwa juu ya mto wa hariri. Palizuka swali kuhusu eda, na kadhi akaamua kwamba bibi harusi amekwisha kukaa eda, tena ya mfano wa kuigwa, kwa kuwa miaka yote hii hajatoka nje hata mara moja. Aliulizwa kama anamridhia mfalme. Upepo ukavuma kidogo. Kadhi akasema kimya cha bibi harusi ndiyo ridhaa yake, na wanawake walioletwa kwa lori wakapiga vigelegele. Halafu kaburi likafukuliwa, kwani mke wa mfalme hakai nyuma ya tanuri la mtu. Chambuso alitaka kusaidia kubeba, akaambiwa na askari, kwa adabu, asimguse mke wa mfalme.

Alirudi akakaa kando ya shimo. Hakuna aliyemkumbusha kulifukia.

*

Redio ya Kasri ilitangaza mchana. Ilisema hapajawahi kuwa na uasi Tambarare. Kilichotokea ni kwamba mwana wa mfalme aliingia stoo ya baba yake bila hodi, jambo ambalo katika nyumba yoyote huitwa utundu. Kwa kuwa jina la Kombo lina maana ya kitu kisichonyooka, na mwana wa mfalme hawezi kutonyooka, kuanzia saa hiyo ataitwa Mwanamfalme Nyofu, na atakayemwita kwa jina la zamani atakuwa amemtukana mfalme kwa kuzaa. Ama wale wengine walioingia stoo hiyo bila kuwa wana wa mwenye stoo, hao ni wezi wa kawaida, na watashughulikiwa kwa kawaida.

Kombo alikuja kwa baba yake kesho yake, mchana kweupe, peke yake. Chambuso alipomwona akitokeza kwenye kilima alitamani kukimbia, na hakuwahi kutamani hivyo maishani mwake. Kijana alikwenda moja kwa moja nyuma ya tanuri, akalitazama shimo, akarudi.

Chambuso alimweleza yote. Alieleza habari za mizinga, za sheria, za damu isiyomwagwa. Alizungumza haraka na kwa maneno mengi, yeye ambaye hakuwa na maneno, na Kombo alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipomaliza, kijana alimshika mikono akaitazama ile mikono mikubwa yenye nyufa za moto.

"Baba," alisema, "umeniokoa peke yangu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Chambuso zaidi. Angetukanwa angejua pa kusimama. Alimsihi mwanawe akimbilie nchi ya jirani. Kombo akasema Kirobo na wenzake tangu jana hawali naye sahani moja. Mazungumzo hukatika akiingia. Akitoroka, watakufa wakiamini kwamba redio ilisema kweli. Njia iliyobaki ni kurudi ghalani, akamatwe pamoja nao, anyongwe nao. Akaomba uji. Chambuso akaukoroga kwa unga uliobaki, Kombo akaunywa wote, akalamba kijiko kama zamani, akaondoka.

Hakunyongwa. Jeshi lilipofika ghalani, kikosi kizima kilimpigia saluti. Kombo alipiga kelele kwamba yeye ni mwizi na yeye ndiye aliyevunja kufuli, na askari wakashangilia unyenyekevu wake. Alimpiga kamanda ngumi ya taya. Kamanda akapandishwa cheo palepale kwa kuguswa na mkono wa kifalme, na askari wengine wakaanza kusogeza nyuso zao karibu. Wakamwinua kwenye machela yenye pazia, akirusha miguu, huku nyuma yake vijana wake wakifungwa kamba wawili wawili. Watu waliosimama barabarani waliona machela na waliona kamba. Kirobo aliona pia. Alitema mate upande wa machela, na watu wakayakumbuka yale mate kuliko yote Kombo aliyowahi kufanya.

*

Palifanywa karamu ya kumkaribisha Mwanamfalme Nyofu nyumbani. Chambuso alialikwa, kwa cheo cha Mlezi Mstaafu, akapewa kanzu ya kuazima na kiti mwisho wa ukumbi, karibu na mlango wa kupitishia vyombo. Kutoka pale mfalme alionekana kama kidole. Kando ya mfalme alikaa Kombo, amevikwa joho lililoshonwa kwa haraka, na mbele yake vyakula vilipangwa hata meza ikapinda: mbuzi, kware, pilau, maandazi ya asali. Hakugusa kitu. Mpishi mkuu alisogeza sahani, naye akairudisha kwa kidole kimoja.

Ulipofika wakati wa mwana kumwamkia baba yake mbele ya mabalozi, ukumbi ulinyamaza. Kombo akasimama. Hakumgeukia mfalme. Alitafuta kwa macho meza hadi meza, kichwa hadi kichwa, mpaka akamwona mtu mrefu aliyejikunja karibu na mlango wa vyombo.

"Shikamoo, baba," akasema, kwa sauti iliyofika.

"Marahaba," akaitika mfalme, bila kuinua macho kutoka kwenye paja la kuku.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi, mabalozi wakafuta machozi, na wanawake wa malori wakapiga vigelegele. Chambuso alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Mtumishi aliyepita na sinia la mifupa akamwomba asogee, akasogea, na alipoinua kichwa Kombo alikuwa ameketishwa na pazia la watumishi limemfunika.

Kesho yake Kombo alituma neno kwamba hatakula mpaka wenzake waachiwe. Redio ikatangaza kwamba Mwanamfalme Nyofu amefunga kwa ajili ya afya ya baba yake mpendwa. Siku chache baadaye Waziri Kilemba akawataka wananchi wote wamuunge mkono mwana mtiifu kwa kufunga pamoja naye, na hilo likamaliza kabisa tatizo la chakula. Watu waliokufa wakati huo walihesabiwa kuwa walikufa wakiwa wamefunga, jambo la heshima. Nchi jirani ilituma wataalamu wajifunze.

Chambuso aliuza punda, akasafiri hadi lango la kasri na chungu cha uji. Alidhani kwamba Kombo angekula kutoka mkononi mwake; pengine ni kweli, pengine si kweli. Mlinzi alikitazama chungu akamhurumia. Alimwambia Mwanamfalme anapelekewa sahani kumi na tisa kila mlo, mzee aondoke na uji wake. Chambuso alikaa nje ya lango mpaka uji ukachacha, akarudi kesho na mwingine, na kesho kutwa. Siku moja mlinzi hakumjibu. Bendera ilikuwa ikishushwa.

Sheria ilikuwa imeheshimiwa. Waganga wa kasri waliuchunguza mwili wakathibitisha mbele ya wazee wa baraza kwamba damu haikumwagika hata tone.

Chambuso aliomba mwili. Aliingizwa katika ofisi yenye feni, akaulizwa na afisa kijana ana uhusiano gani na marehemu. Alisema yeye ni baba yake. Afisa, ambaye hakuwa mtu mbaya, alifunga mlango ili wengine wasisikie, akamwomba afikirie tena jibu hilo. Chambuso akasema alikuwa mume wa mama yake. Afisa akamkumbusha kwamba alitoa talaka, kwa hiari, na kwamba kwa mujibu wa ndoa ile mpya yeye hakuwahi kuwa mume. Alibaki akitafuta neno la tatu, hakulipata. Kombo akazikwa Bustani ya Wafalme, kando ya mama yake.

*

Kwa furaha ya mazishi mfalme aliwasamehe wafungwa waliokuwa bado hai. Kirobo alirudi Mikirindi mkono wa kulia umelemaa kwa kuvunja mawe, na mkono ule ndio aliokuwa akishikia nyundo. Chambuso alimfuata penye kiwanda chake baridi, akakaa kwenye gogo, akamweleza. Alimwambia Kombo hakula. Alimwambia kwamba alikufa kwa ajili yao.

Kirobo alisikiliza huku akijikanda vidole.

"Redio ilisema alikuwa akimfungia mfalme."

"Redio ilisema uongo."

"Na ile ndoa? Na ile talaka? Hizo nazo ni uongo wa redio?"

Chambuso akainamia mikono yake.

"Tulikuwa arobaini ghalani, Mzee Chambuso," Kirobo akasema. Zamani alimwita Baba Kombo. "Sisi tulifungwa kamba, yeye alibebwa. Hilo sikusimuliwa. Niliona."

Akainuka akaingia ndani. Na huyo ndiye aliyekuwa rafiki. Wengine hawakutaka hata kusikiliza. Mama wa vijana walionyongwa waliacha kupita njia ya tanurini. Ghala la Mikirindi lilifungwa kufuli jipya, likapakwa rangi, likaandikwa mlangoni Ghala la Mwanamfalme Nyofu. Na mvua zilipokataa tena, watu walipita mbele yake wamekumbatia matumbo wakalilaani jina hilo, na wengine, wakiwa na uhakika kwamba hawasikiki, wakalilaani pia lile la zamani. Shuleni watoto walifundishwa shairi kuhusu mwana aliyempenda baba yake hata akasahau kula. Chambuso alilisikia likiimbwa kupitia dirishani, na lilikuwa na wimbo mzuri, wa kuingia kichwani, akajikuta siku moja anapanga matofali kwa mapigo yake.

Ikawekwa Siku ya Mwana Mtiifu. Mwaka wa kwanza watu waliruhusiwa kulia wapendavyo kaburini, na ikawa fujo: walianza kwa kumlilia mwanamfalme, kisha wakajililia wenyewe, wakawalilia na watoto wao, na ikawa shida kuwanyamazisha. Kuanzia mwaka wa pili Wizara ya Shibe ikaagiza kwamba watakaoingia Bustani ya Wafalme kulia watakuwa Waombolezaji wa Taifa, watakaochaguliwa kwa usaili.

Chambuso alikwenda. Hakuwa na njia nyingine ya kulifikia lile kaburi. Usaili ulifanyika katika ukumbi wa shule, mbele ya maafisa watatu na jagi la maji. Mwanamke aliyemtangulia alijitupa chini, akajigaragaza, akamtaja mfalme kwa sifa zake zote bila kuruka hata moja, akavunja kiti. Alipongezwa, akachukuliwa.

Chambuso akaitwa. Aliulizwa yeye ni nani kwa marehemu, akajibu kwamba si mtu. Jibu hilo lilipita. Akaambiwa aanze.

Alisimama mikono ikining'inia. Kwanza hakuna kilichokuja. Kisha akamwona kijana ameshika kijiko, analamba, akikitazama huku na huku kama kuna kilichobaki, na machozi yakaanza kumtoka, yakateremka kwenye mashavu, yakaingia katika ndevu nyeupe. Mabega hayakutikisika. Maafisa walingoja.

"Mzee, umeanza?" akauliza mmoja.

"Ndiyo."

"Mbona hatusikii?"

Machozi yaliendelea kushuka, na kola ya shati lake ikalowa. Maafisa wakanong'onezana. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye uso wa huruma, akavua miwani.

"Usivunjike moyo, mzee wangu. Tatizo ni kwamba unalia kama mtu aliyefiwa. Sisi tunatafuta mtu anayelia kama raia." Akatazama ile mikono mikubwa. "Lakini hiyo mikono ni mizuri. Tutakuweka upande wa makofi."

Siku ilipofika walipangwa nje ya uzio, nyuma ya kamba, kwa mistari. Kutoka mstari wa Chambuso makaburi mawili ya marumaru yalionekana iwapo mtu wa mbele angeinama, na mtu wa mbele hakuinama. Waombolezaji walilia vizuri, kwa zamu. Waziri Kilemba alisoma hotuba ndefu juu ya mapenzi ya baba na mwana. Mfalme, aliyekuwa amezeeka na kusahau mengi, alimuuliza mtu wa jirani ni nani aliyekufa.

Kisha msimamizi akainua kitambaa chekundu. Chambuso akapiga makofi, na akaendelea kupiga mpaka alipoambiwa inatosha.